Malkia Anayefia Kona Ile Ile

Mshauri mpendwa,

Nisaidie kabla sijaifuta kazi yangu, kwani mimi na dada yangu, aliyenifundisha sataranji tungali watoto, tumeandika kila mmoja programu yake ya kucheza mchezo huo, na tulikubaliana kwamba itakayoshinda ndiyo itakayowekwa katika kompyuta za chama cha vijana tunachokisimamia pamoja, basi tukazikutanisha kwenye meza yake ya kulia chakula, yangu ikianza daima kwa kuwa mimi ni mdogo, tukaziacha zicheze mchana kutwa, na yangu ikashindwa kila mara, kila mara malkia wangu akila askari wa pembeni na kuliwa na farasi pale pale, hata shemeji akipita na kikombe chake akawa anauliza, "Malkia kashafariki, au nirudi baadaye?"

Dada akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nilisoma msimbo wa programu kubwa iliyoachwa wazi kwa kila mtu. Kausome nawe, hawakuuanika ili upigwe na jua," lakini mimi naona nikichungulia kazi ya wengine ushindi hautakuwa wangu, na kwa hasira nikamjibu kwamba aliyenishinda si yeye bali hao aliowasoma, akafunga kompyuta yake, na tangu hapo hapokei simu yangu, je, nifute programu na kujitoa chamani?

Mdogo Mtu

*

Mdogo Mtu,

Pole. Kushindwa mbele ya shemeji mwenye kikombe kunauma. Sasa ondoa kidole kwenye kitufe cha kufuta, tuzungumze.

Barua yako nilimwonyesha mwenzangu anayetunza kompyuta za gazeti hili. Alipofika kwa malkia alivua miwani. "Mama, hawa hawakucheza michezo mingi. Wamecheza mmoja, wakaurudia." Programu zisizobahatisha, akanieleza, zikianza na mpangilio ule ule na kupewa kina kile kile cha hesabu, yaani idadi ya hatua za kutazama mbele, hurudia hatua zile zile. Nawe ulimwona malkia akifia kona ile ile mchana kutwa bila kujiuliza! Ulisikia mwangwi, ukadhani ni umati. Hujui bado kama programu yako ni dhaifu. Unajua tu kwamba ina jeraha.

Jeraha lenyewe ni hili: hesabu yake hukatika malkia anapomaliza kula, kabla ya kutazama nani atamla yeye. Wengi wameugua hapo kabla yako, na tiba wameiandika wazi. Dada yako alipokuonyesha farasi anavyoruka, ulimwomba akuache ugundue mwenyewe? Kunakili usichokielewa na kuficha ulikokitoa ndiko kungekunyima ushindi. Soma, pamoja na masharti ya waliouachia msimbo huo. Elewa, funga ukurasa, andika mwenyewe, kisha taja ulipojifunzia.

Lakini kwanza nenda kwa dada yako, kwa miguu yako. Neno ulilomwambia lilikuwa la kijuba, na halifutiki kwa simu. Mwombe radhi, kisha mwombe akae nawe muusome msimbo huo pamoja. Baadaye zikutanisheni upya kwa mipangilio mbalimbali, kila mmoja uchezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi, na itakayoshinda ipelekwe chamani bila kinyongo.

Na ile ya zamani usiifute. Siku kijana atakapouliza kwa nini malkia asile kila anachokiona, mtaifungua mumwonyeshe, wewe na dada yako mkiwa mmekaa upande mmoja wa meza.