Kumbukumbu za Kikao cha Kuliondoa Kundi la Tisa, Dafodili Jeupe Maradufu

CHAMA CHA WAKULIMA WA MAUA YA BUSTANI, POLGARROW, BONDE LA MTO TAMAR, CORNWALL

Kikao cha kamati kilifanyika Alhamisi, tarehe 20 Mei 1976, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, katika chumba cha nyuma cha kanisa, na baadaye kando ya kijito chini ya shamba la Bw. Bickle, kwa sababu zitakazoonekana.

WALIOHUDHURIA
Bw. Hedley Rundle – Mwenyekiti
Bi. Wenna Jago – Katibu
Bw. Garfield Striplin – Mjumbe, na jaji wa maonyesho
Bi. Thirza Langsford – Mjumbe, wa posta

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Bw. Clem Bickle – Mjumbe (ng'ombe wake alikuwa anazaa)

KUMB. NA. 1/5/76: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala ya kuomba mvua. Bw. Striplin alisema sala hiyo hiyo imeombwa tangu mwaka jana na pengine sasa ingefaa kubadilisha maneno. Mwenyekiti alimwomba aheshimu mahali alipo.

Kwa kuwa kikao kilichopita kiliisha kwa watu wawili kukana waliyoyasema, ilikubaliwa kwamba safari hii maneno makali yaandikwe kama yalivyotoka kinywani. Katibu alisema kalamu anayo.

KUMB. NA. 2/5/76: PENDEKEZO LA KULIONDOA KUNDI LA TISA
Mwenyekiti alieleza kwamba Kundi la Tisa katika maonyesho yetu ya Mei, yaani mashina matatu ya dafodili jeupe maradufu ndani ya chupa moja, halijapata mshiriki hata mmoja tangu lianzishwe mwaka 1967. Kila mwaka Katibu hutandika kitambaa na kuweka kadi, na meza hubaki tupu katikati ya ukumbi, wageni wa kutoka Plymouth wakiuliza kama kuna mtu amefariki. Alipendekeza kundi hilo lifutwe na nafasi yake ichukuliwe na keki za zafarani.

Katibu alipinga. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba kazi ya Katibu ni kuandika, si kupinga. Katibu aliweka kalamu chini, akapinga, kisha akaishika tena.

Bw. Striplin alitaka kujua meza tupu inamfaa nani. Katibu alijibu hivi: "Inanifaa mimi. Nikiiona ile kadi najua kuna watu bado wanayangoja maua hayo. Mkiiondoa mtakuwa mmeniambia hayarudi tena."

Bi. Langsford alisema, "Dada Wenna, sema tu. Ni kwa ajili ya mama."

Katibu alikubali kwamba ni kwa ajili ya mama. Wajumbe wanamfahamu Bi. Keziah Jago, umri miaka tisini na mmoja, ambaye hajainuka kitandani tangu Krismasi. Alianza kufunga maua mafungu akiwa na miaka kumi na mmoja. Nusu eka yao yote ilikuwa ya Meupe Maradufu, na wiki ya kabla ya Pentekoste masanduku yalipangwa stesheni kwenda London, harufu ikijaa mpaka dereva wa treni akavua kofia. Mwaka 1941 ilikuja amri ya vita kwamba matunguu ya maua, yale ya chini yanayofanana na vitunguu, yang'olewe, ardhi ipandwe viazi. Bi. Keziah hajalinusa ua hilo tangu siku hiyo. Daktari hatarajii kwamba atauona msimu wa majani kupukutika. Kila asubuhi anamuuliza Katibu kama kuna lililofunguka, na Katibu humjibu bado. Katibu aliomba iandikwe kwamba amechoka kusema bado.

Bw. Striplin alishauri mgonjwa apelekewe dafodili la njano maradufu, kwani kwa macho yale hatajua tofauti. Katibu alisema alishafanya hivyo mwezi Machi, tena akalinyunyizia manukato ya dukani. Bi. Keziah alilinusa akasema, "Mwanangu, mimi ni mgonjwa, si mjinga."

Wajumbe walicheka. Katibu naye alicheka, kisha ikabidi atafutiwe leso.

KUMB. NA. 3/5/76: KWA NINI MATUMBA YANAKAUKA
Kabla ya kupiga kura, Bi. Langsford aliomba sababu itafutwe. Kila mjumbe alikuwa amekuja na tumba la Jeupe Maradufu kutoka bustanini kwake. Bi. Langsford aliyapasua kwa kisu chake cha kufungulia bahasha. Ndani ya ngozi yote manne yalikuwa ya kahawia, makavu kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa.

Mwenyekiti alisema ni minyoo. Bw. Striplin alisema matunguu yake aliyatia maji ya moto kwa muda wa saa tatu, na mnyoo aliyebaki hai humo apewe kikombe cha ushindi. Yeye alilaumu samadi mbichi, huku akimtazama Katibu. Mwenyekiti alimlaumu Bi. Langsford kwa kuyafunga majani mafundo baada ya maua kwisha: "Unayasuka kama nywele za mtoto wa shule! Jani ndilo linalolilisha tunguu kwa ajili ya mwaka ujao, wewe unalinyonga." Bi. Langsford alisema ameacha mwaka wa tatu sasa, na matumba bado yanakauka, kwa hiyo mzee atafute mchawi mwingine.

Bw. Striplin alieleza kwamba dafodili la kawaida lina kikombe kimoja katikati. Katika hili, kikombe na vyote vilivyomo vimegeuka petali, petali juu ya petali, zote zimebanana ndani ya ngozi moja. Tumba la namna hiyo lina kazi kubwa na hunywa maji mengi kabla ya kufunguka. Likikosa, hufia ndani.

Iliulizwa kila mmoja amepanda wapi. Mwenyekiti: chini ya ukuta unaotazama jua, pale pale ambapo maua yake ya njano huchanua Januari. Bw. Striplin: ndani ya nyumba ya vioo. Bi. Langsford: dirishani. Katibu: nyuma ya jiko, ukuta ukiwa na joto mchana na usiku. Hakuna aliyeona ajabu katika majibu hayo. Bonde hili linaishi kwa kuwahi. Ua linalotangulia wiki moja ndilo lenye soko, na mtoto wa hapa hujua kutafuta ukuta wenye joto kabla hajajua kusoma.

KUMB. NA. 4/5/76: BARUA YA BW. BICKLE
Mwenyekiti alitaka barua hii isubiri kikao kijacho, akisema asiyekuwepo na lake halipo. Bi. Langsford, ambaye barua zote za kijiji hupita mikononi mwake, alisema yeye angeshauri isomwe. Hakuulizwa amejuaje. Katibu aliisoma:

"Katibu, salaam. Leo siji, ndama amekaa vibaya tumboni. Jambo jingine. Yale maua meupe kwenye tuta la mpaka huku chini kijitoni, upande usiopata jua, mwaka huu yananuka kupita kiasi. Ng'ombe wanasimama pale hawataki kuja kukamuliwa. Jumamosi inakuja mashine ya kuchimba mtaro na tuta lote litaondoka. Kama kuna anayeyataka hayo majani aje kabla. C. Bickle."

Katibu aliikunja barua. Kisha Bw. Striplin alisema, "Penye miti hapana wajenzi! Mabingwa wanne tumekaa hapa na matumba makavu, muuza maziwa analalamikia harufu!"

Katibu alikuwa amekwisha kuvaa koti. Mwenyekiti alisema goti linamuuma. Aliombwa aje nalo.

KUMB. NA. 5/5/76: KIKAO KUENDELEA KIJITONI
Wajumbe walifika saa moja na nusu, jua bado lipo juu ya mlima, kama ilivyo huku kila Mei, ingawa kule chini kulikuwa na baridi. Harufu iliwapokea kabla hawajaona kitu. Upande wa kaskazini wa tuta, kati ya mawe na kangaga, yalikuwa yamesimama Meupe Maradufu zaidi ya mia mbili, yamefunguka mpaka mwisho. Katibu alikaa kwenye majani mabichi.

Bw. Striplin, haki yake apewe, ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alitia mkono udongoni akautoa umelowa, mwaka huu ambao visima vimekauka. Alisema, "Tumekuwa tukiliharakisha. Ua pekee linalotaka kuchelewa, sisi tumelipeleka kwenye joto. Hapa lina baridi, lina maji, liko chini sana udongoni, na hakuna mtu aliyeligusa. Ole wetu, tumeliua kwa mapenzi."

Baada ya kusema hayo alikwenda kwenye gari lake akarudi na jembe uma, akasema yachimbwe yote sasa hivi, kila mtu achukue fungu lake, kesho mashine isije ikabadilisha siku. Katibu alishika mpini upande wa pili. Inaandikwa wazi kwamba hakuushika ili amzuie. Alitaka matunguu yale yawe chini ya dirisha la mama yake kabla ya giza.

Mwenyekiti alipaza sauti: "Acheni! Mkiyapeleka kwetu yatakufa kama yale mengine. Nimeyabeba mara moja, sitaki kuona yanabebwa tena."

Aliulizwa ana maana gani. Aliketi juu ya jiwe na kueleza, na alitaka yaandikwe. Mwaka 1941 yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia ile amri hapa kijijini. Alikwenda kwa Bi. Keziah na mkokoteni, akachukua magunia kumi na manne ya matunguu. Alitakiwa ayachome moto. Alifika hapa na kiberiti mkononi, akashindwa. Aliyamwaga nyuma ya tuta mahali ambapo mtu hapiti, kisha akarudi akamwambia Bi. Keziah kwamba ameyachoma.

Katibu alisema, "Mzee Hedley! Miaka thelathini na mitano unakula keki jikoni kwetu!"

"Mwaka wa kwanza niliogopa sheria, Wenna. Baada ya hapo nilimwogopa mama yako."

"Hata kuja kuyatazama?"

"Sikuthubutu. Nilijua yameoza. Na ile meza yenu kila Mei na kadi yake, mimi ndiye ninayekaa mbele yake siku nzima."

Katibu aliuachia mpini. Bw. Striplin naye alilirudisha jembe garini.

Iliazimiwa: Bw. Striplin na Bi. Langsford waende kwa Bw. Bickle saa hiyo hiyo. Walikwenda, wakarudi na jibu kwamba mtaro utapita upande wa pili na tuta litabaki, kwa sharti kwamba kwanza wamsaidie kumvuta ndama. Ndama alivutwa. Ni jike.

Iliazimiwa pia kwamba hakuna atakayeng'oa tunguu hata moja hapo. Maua yatakatwa tu, na majani yataachwa mpaka yanyauke yenyewe. Kundi la Tisa linabaki. Hoja ililetwa na Mwenyekiti mwenyewe.

Katibu alikata mashina kumi na mawili, fungu moja la soko. Kikao kiliahirishwa saa mbili na dakika arobaini, mwanga ukiwa bado upo.

KUMB. NA. 6/5/76: KUSAHIHISHA NA KUTHIBITISHA
Maua yalipelekwa kwa Bi. Keziah jioni ile. Aliyaweka usoni muda mrefu, mpaka Katibu akadhani amelala. Kisha alisema yamechumwa yakiwa wazi mno, yasingefika London, na nani huyo aliyeyachuma, maana alimfundisha vizuri zaidi. Aliambiwa yalikotoka na nani aliyeyatupa huko. Alisema, "Mwambie Hedley aje mwenyewe. Na lile daftari lako lije."

Mwenyekiti alifika Jumapili, tarehe 23 Mei, baada ya ibada, akakaa karibu na mlango. Katibu alisoma kumbukumbu hizi zote kwa sauti. Bi. Keziah alikuwa na sahihisho moja.

"Si magunia kumi na manne. Ni kumi na saba. Nilisimama mlangoni nikayahesabu yakitoka."

Mwenyekiti alitazama kofia yake. Hatimaye alisema, "Ni kweli, Mama. Matatu nilikwenda kuyapanda kwangu, chini ya ukuta. Niliyataka sana."

"Yalichanua?"

"Hata moja, Mama. Miaka yote hii, hata moja."

Bi. Keziah alimwambia avute kiti asogee, kwa kuwa harufu haifiki mlangoni. Sahihisho liliingizwa.

H. Rundle
Mwenyekiti (amesaini kando ya kitanda cha Bi. Keziah Jago)

W. Jago
Katibu