Karatasi za Dada Zuhura

Dada Zuhura,

Wameshindwa. Nianze na hilo, maana najua ungeniuliza hata kabla ya salamu.

Tangu tukuzike, fundi simu wa duka letu ni mimi, na ile programu yetu ya wakulima kuandikiana habari ilibaki mikononi mwangu. Haukupita muda ikaja barua yenye mhuri wa serikali: nifute picha za daraja bovu na nitaje waliozituma, la sivyo niifunge. Dada, niliogopa. Majina sikutoa, lakini programu niliiondoa, nikafunga na duka. Nilijiona nimekuzika mara ya pili.

Siku ya gulio akashuka Mama Tumpe wa Kinyala na viazi vyake. Nikamwomba radhi. Akanishangaa: "Imefungwa ipi, mwanangu? Mbona mimi nasoma tu?" Alikuwa ameingia kwa programu nyingine, ya watu nisiowajua kabisa, na humo kila kitu kipo: jina lake, majirani zake, picha za daraja. Maandishi yalikuwa yametulia kwenye zile mashine ndogo za kuhifadhia habari ulizozigawa vijijini, moja kwao, moja Matwebe. Hata ningetaka kuyafuta, nisingeweza. Akachomoa kwenye kitabu chake cha nyimbo za kanisani ile karatasi uliyomwandikisha, yenye maneno yake ya siri. Hiyo ndiyo iliyomfungulia.

Unakumbuka nilivyokucheka? Ulikaa na kila mtu mpaka aandike maneno yake kwa mkono wake. Mimi nikasema unapoteza muda, tuwatunzie sisi dukani. Ukanijibu huku ukichomelea simu ya mtu: "Tukiwatunzia, siku wakikubana wewe wamewabana wote."

Sasa ni zamu yako kucheka. Katika watu wetu wote, asiye na karatasi alikuwa mmoja tu: fundi. Nimeanza upya, sina rafiki hata mmoja humo, na wakulima wananitania kila wakipita. Wa kwanza niliyemtafuta humo ulikuwa wewe. Upo, dada. Neno lako la mwisho lipo palepale: "Kesho nafungua saa mbili, leteni simu zenu." Hapo nililia, kwa furaha na kwa uchungu pamoja.

Ile barua nimeijibu. Nimewaandikia kwamba programu nimeondoa, maandishi si yangu. Wakija tena watanikuta, siogopi kama mwanzo. Karatasi yangu nimeandika, iko kwenye kopo la bisibisi zako.

Pumzika. Saa mbili nitafungua mimi, kesho na kila siku.

Mdogo wako,
Ambakisye