Nenda na Ugonjwa Wako

Wifi yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Mimi sijambo. Cherehani imepona, na nashona sare za shule mpaka mgongo unalalamika.

Unasema mtoto wa kaka yako kwa mke wake mpya amevimba vidole na halali kwa maumivu. Mwanangu alianza hivyo hivyo.

Unakumbuka daktari alivyotueleza? Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu, nusu za baba, nusu za mama, na jeni zimo humo. Mwenye jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa chembe za damu kupinda kama mundu, haumwi, ila anaweza kuirithisha. Anayeugua ni mtoto aliyeipata kwa wazazi wote wawili. Kaka yako akasimama. "Kwetu hakuna damu chafu!" Akakataa kupimwa. Tulipotoka kumzika mwanangu, mama yenu alinitolea sanduku nje. "Nenda na ugonjwa wako."

Haya, mimi niliondoka. Ugonjwa mmebaki nao.

Ningependa kucheka, wifi, lakini mtoto hana kosa. Mpelekeni hospitali leo, msingoje kukubaliana kautoa kwa nani. Wangu alikata roho tukibishana.

Ni mimi, wifi yako bado, wapende wasipende.