Mota ya Turubai na Nukta Nyekundu

Kirumba, Mwanza
19 Agosti 2024

Mpendwa kaka Projest,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Na wifi na watoto hawajambo? Sisi tunamshukuru Mungu, ila goti la mama linamsumbua na dawa anazificha chini ya mto akidhani sioni. Barua hii anakuletea Rachel, binti wa shangazi. Simu ningeweza kupiga, lakini wewe kwenye simu hunyamazi hata dakika moja, na jambo hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Lile gari la watalii la kulala ndani ulilotuletea ndilo linalotulisha. Wageni hulikodi, wakaliegesha ufukweni, wakabonyeza swichi turubai la pembeni likajikunjua, wakakaa kivulini. Wiki mbili zilizopita swichi ilibonyezwa na turubai likagoma. Wageni wengine walikuwa wanakuja Ijumaa. Jua la hapa unalijua; bila kivuli wangeniachia gari langu, na sina kazi nyingine.

Nilianza kwa muuza vipuri mmoja wa Mirongo. Alilizunguka gari mara moja, mikono mfukoni, akasema niagize turubai zima kutoka nje. Mtu hajafungua hata skrubu moja, ugonjwa ameujuaje? Huyo nilimshuku papo hapo.

Nikaenda Buhongwa kwa Nkwabi, yule fundi uliyekuwa ukicheza naye mpira. Alipima umeme, akakuta unafika vizuri. Kilichokufa ni mota inayolisukuma turubai, peke yake. Akasema mpya ya nini, atanitafutia iliyotoka kwenye gari lililokatwa kuuzwa vipuri, inayolingana na hii. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mno, nami ndipo nikazidi kushuku. Rahisi huvunja upishi, bibi alituimbia hilo tangu tukiwa wadogo.

Halafu akataka aondoke na mota yangu siku mbili, akailinganishe huko anakokwenda kutafuta. Kaka, ndani ya mota kuna waya wa shaba, na shaba haikosi mnunuzi. Unajua desturi yetu hapa: gari likiwa kwa fundi, mwenyewe unakaa na kigoda chako pembeni mpaka anawe mikono, na kipuri kibovu unarudi nacho nyumbani. Sasa kigoda changu kingemfuata wapi siku mbili? Alipogeuka kuchukua mfuko, nilitoa rangi ya kucha kwenye mkoba wangu nikaweka nukta nyekundu chini ya ile mota. Nilijiona mjanja kweli.

Alhamisi alirudi gereji na mota mbili, akanikuta namngoja. Ile aliyoipata aliifunga, akabonyeza swichi, na turubai likatoka taratibu mpaka mwisho, likarudi. Badala ya kufurahi, mimi nilikuwa nageuzageuza ile kuukuu. Ilikuwa safi, inang'aa, na nukta haikuwepo.

Nikamwambia mbele ya mafundi wenzake na wateja: "Nkwabi, hii si mota yangu. Yangu umeiuza."

Alifuta mikono, akasema gari liko tayari, akaingia ndani.

Nilipofika nyumbani nilifungua bahasha ya karatasi za gari ulizoniachia, nitafute ushahidi wa kumshitaki kwako. Namba ya mota imeandikwa humo. Niliilinganisha na ile iliyochongwa kwenye mota kuukuu niliyorudi nayo, tarakimu kwa tarakimu, mara tatu. Ni ileile. Aliiosha kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, ili grisi itoke aisome namba, apate inayolingana, na tina ikaondoka na nukta yangu.

Kaka, niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Kesho yake nilimpelekea mkungu wa matoke, nikamweleza habari ya nukta ya rangi ya kucha, nikamwomba radhi. Akapokea, akasema yamekwisha. Wageni walikuja, wakakaa kivulini, wakaondoka jana wakishukuru.

Leo asubuhi nimempelekea gari anikazie kitasa cha mlango. Akafungua sanduku la spana, akatoa chupa mpya ya rangi ya kucha, nyekundu, akaniwekea mkononi.

"Dada Koku, weka alama zako kwanza, ndipo nishike gari."

Hakuwa anatania. Alisimama akingoja, mikono nyuma. Nimekaa kwenye kigoda changu na ile chupa mbele za watu, na kuifungua nimeshindwa. Nimerudi na kitasa kinachotikisika.

Tafadhali mpigie wewe. Usinitetee, na usimtajie shida zangu. Mwambie tu kwamba namba nimeisoma, na najua mota aliyonirudishia ni yangu. Na mama asijue. Yeye humwita Nkwabi mwanangu.

Wasalimie wifi, Kamugisha na Kokulinda mdogo. Mungu awafunike na awape watu wanaorudisha cha mtu kikiwa safi. Siku nitakayokwenda tena Buhongwa, kigoda kitabaki nyumbani.

Mdogo wako akupendaye,
Kokushubira