Jicho la Upepo

Karakana ya vioo,
Jumanne asubuhi.

Mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, wifi yangu na watoto. Vipi kile kifua chako, bado kinakusumbua wakati wa baridi? Huku sisi ni wazima. Mguu wa mama umepungua uvimbe, siku hizi anajikongoja mwenyewe mpaka mlangoni pa karakana kuniuliza kama nimekula. Mimi pia ni mzima, ila nina hasira, na hasira hiyo umeileta wewe. Nimeona niseme mapema, usije ukadhani salamu hizi ni za kukubembeleza.

Kitabu chako kimefika, nakala zote mbili, na sahihi yako yenye mikia. Mama alikipangusa kwa upindo wa nguo yake, akanikalisha kwenye kiti cha baba, akaniambia nikisome chote nisiruke hata neno. Habari za maneno ya Kiingereza yalikotoka zilimfurahisha, ingawa alilalamika kwamba inaelekea Waingereza hawakumwacha mtu bila kumkopa neno. Basi tukafika sura ya nne, ile ya window.

Umeandika vizuri, sikunyimi haki yako. Umeeleza kwamba neno hilo lina w mwanzoni na w mwishoni, na ile ya mwisho haitamkwi, imesimama tu kama mhimili wa fremu. Umeeleza kwamba lililetwa na watu wa nchi za baridi za kaskazini, na kwao lilikuwa maneno mawili, upepo na jicho, kwa sababu enzi hizo dirisha lilikuwa tundu tu la kupitisha hewa na moshi, halina kioo. Na kwamba Waingereza walikuwa na neno lao, wakaliacha wakashika la wageni. Yote sawa. Kisha ukaandika kwamba hayo ulimweleza baba kwa barua ya kurasa nne ulipokuwa chuoni, macho yake yalipokuwa yameshafunga, na kwamba alisomewa na jirani kwa kuwa dada yako hakujaliwa kujua kusoma.

Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti, Kasuku. Kwa mdomo wangu huu huu. Mama akanisimamisha, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza ni dada gani huyo, au baba yetu alimletea mtoto mwingine asimwambie? Nikacheka, nikainamia kitabu ili asiuone uso wangu.

Hivi ulipungukiwa nini? Niliacha shule mwaka wa sita kwa sababu kioo cha dirisha kubwa hakibebwi na mtu mmoja, na mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kumfunika baba macho. Nikashika upande wa pili wa kioo, wewe ukasoma. Sikukulalamikia siku hiyo wala silalamiki leo. Lakini kila siku nasoma vipimo vya watu, na fundi asiyejua kusoma angekata kioo kikapungua kidole kimoja, na kioo hakiongezwi. Wewe unajua ninajua kusoma. Nani alikufundisha kuandika jina lako kwa chaki kwenye mlango huu? Uliona tu hadithi inanoga zaidi dada akiwa mjinga.

Nakumbuka siku ya mazishi. Seremala, rafiki yake baba, alisimama akasimulia jinsi baba alivyomweleza habari za jicho la upepo, kutoka kwenye barua ya mwanawe aliye chuoni. Watu wote wakakugeukia. Ukainamisha kichwa. Nilidhani ni uchungu. Baadaye nikakukuta nyuma ya nyumba umemshika seremala mkono, unamwomba aanze tena tangu mwanzo. Tulikuita Kasuku utotoni kwa kurudia kila ulichosikia, lakini siku hiyo nilitamani kukushika shati mbele ya watu. Nikanyamaza. Nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza, na sasa nitakwambia.

Unajua vizuri kwamba hukuandika barua ile. Miaka mitatu ya chuo hukuandika hata moja. Usichokijua ni kwamba niliziandika mimi.

Baba alikuwa akiuliza kila Jumamosi kama kuna barua. Nilisema njia zimeharibika, nikasema una mitihani, mwisho uongo ukaniishia, na yeye akaanza kusukuma sahani bila kula. Wakati huo tulikuwa tunamtilia vioo mwalimu mmoja mstaafu, naye alikuwa ametupa kamusi kubwa ya Kiingereza isiyo na jalada. Nikaiokota. Mchana wateja wakipungua nilichagua neno moja, nikalisoma, nusu kwa kuelewa na nusu kwa kupapasa, kisha nikaandika kama wewe, pamoja na maringo yako yote. Niliandika kwenye zile karatasi nyembamba za kutengea vioo visikwaruzane, kwa kuwa ndizo nilizokuwa nazo. Zilifika barua kumi na tisa.

Ile ya window nilimsomea amekaa kwenye benchi la kukatia. Alicheka, mara ya kwanza tangu macho yafunge, akasema kumbe maisha yake yote alikuwa akiuvisha upepo miwani. Kisha akaniomba karatasi. Akaipapasa pembe zake, akaipeleka puani. Ilinuka mafuta ya taa, maana kisu cha kioo tunakichovya humo kabla ya kukata, na mikono yangu hainuki kitu kingine. Karatasi zile alizishika miaka thelathini. Akasema taratibu kwamba chuo chenu kinatumia karatasi kama zetu. Nilitaka ardhi inimeze. Akanirudishia, akasema nisome tena na nisiharakishe, maana mwandishi huyo anaandika vizuri.

Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama barua imefika. Aliuliza tu leo ni neno gani.

Kwa hiyo window sikudai, kaa nalo. Ila ile sentensi juu yangu uifute kitabu kikichapwa tena, la sivyo nitakuja mwenyewe kuisoma mbele ya wanafunzi wako. Na kuna la mama. Yeye hakuzishika zile karatasi, anaamini mpaka leo kwamba ziliandikwa na wewe. Tangu nimsomee kitabu, ananiuliza baba alipata kurasa nne kwa lipi, na yeye hajapata hata mstari mmoja. Kamusi ninayo, karatasi ninazo, na namna yako ya kuandika naijua kuliko wewe. Lakini nimechoka kuwa wewe.

Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi moja ya kutengea vioo. Haina kitu. Iandike.

Wasalimie wifi na watoto. Mama yuko hapa mlangoni, ameuliza namwandikia nani. Nilipomwambia ni wewe, ameuliza kwani zamu ya kuandika ni yetu? Andika kwa herufi kubwa zinazosomeka, kwa sababu atakayemsomea ni mimi, yule asiyejua kusoma.

Dada yako,
Fundi Vioo