Pasi Iliyoua Mayai Yangu

Wifi yangu,

Ijumaa iliyopita nilipoteza mayai kumi na tisa, na aliyeyaua ni mumeo. Mashine ya kutotolea vifaranga nimejitengenezea mwenyewe kwa friji bovu na balbu mbili. Huyu mdogo wangu akachomoa waya wa mashine apige pasi shati la kuja kukuomba radhi, akasahau kuuchomeka tena. Nawe hata mlango hukumfungulia!

Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. "Dada, akili yangu yote ilikuwa kwake," akasema.

Yaliyobaki, kumi na moja, nimeyamulika kwa tochi. Vifaranga wanacheza ndani! Jumapili wanatoka, na mikono yangu miwili haitoshi.

Sasa niambie waziwazi, unarudi au hurudi? Nataka jibu kabla ya Jumamosi adhuhuri.

Wifi yako,
Mama Vifaranga