Kabla Hujashika Usukani Tena

Kaka yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima na kwa mapenzi ya damu moja. U hali gani? Shemeji hajambo? Watoto je, wanasoma au wanakupigisha kelele tu? Mama anakusalimu sana. Magoti bado yanamsumbua, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote, anatusema wote kama kawaida. Kwa upande wangu ningependa kuandika kwamba sijambo, maana ndivyo barua inavyotakiwa kuanza, ila leo neno hilo limenikwama. Nivumilie nikupe habari kwa mpangilio. Nikianzia mwisho utaitupa karatasi hii na kunipigia simu unifokee, na mimi sina nguvu ya kufokewa.

Mwaka umetimia tangu nipewe leseni ya urubani. Unakumbuka ulivyocheka. Ulisema fundi miwani aliyeshindwa na baiskeli sasa anataka ndege, ukaniuliza kama huko juu kuna wateja. Ukanibatiza Rubani wa Jumapili, na jina likanifuata mpaka dukani; mtu anakuja kupimwa macho, ananiuliza kama kesho itanyesha. Sikukasirika, hata mimi nilikuwa najicheka. Wiki nzima nimeinama kwenye kile chumba cha nyuma chenye taa moja na mashine ya kusagia vioo, nawaambia watu wasome herufi ukutani. Kisha Jumapili inafika, najibana kwenye kile kindege cha klabu chenye viti viwili na injini inayokohoa kama mvuta sigara, na punde si punde mabati ya mji mzima yako chini yangu na hakuna anayeniita.

Ulikuwa mwaka mzuri, Kaka. Niache niuseme uzuri wake, kwa sababu sitausema tena. Mama alikataa kupanda mpaka nikachoka kumbembeleza, halafu asubuhi moja akatokea kavaa viatu vya kutokea, eti twende. Alikumbatia mkoba wake kifuani, akafumba macho. Tulipokuwa juu ya mto akaniuliza tunaondoka saa ngapi. Nikamwambia afumbue macho. Alinyamaza kitambo kirefu, na wewe unajua Mama akinyamaza watu huanza kuogopa. Kisha akasema kumbe nyumba ya jirani haina paa upande wa nyuma, ndiyo maana mvua ikinyesha wanahamia kwetu.

Na ile siku niliyoifuata barabara kuu nikaliona basi lako likipanda mlima, limejaa mizigo juu! Nikashuka kidogo, nikatikisa mabawa, nawe ukaniwashia taa. Uliniambia baadaye kwamba abiria walipiga makofi na mama mmoja akauliza kama huyo ni askari wa barabarani wa kisasa. Nilitua siku ile nacheka peke yangu kama mwehu.

Aliyebaki ni shemeji yako. Alisema yeye ana cherehani yake, haina haja ya kupaa. Lakini mwezi uliopita alisalimu amri, akasema hawezi kuendelea kuishi na mke mwenza wa bati ambaye hata hajamwona uso. Nilimfunga mkanda, nikamvisha visikilizio, nikamwonyesha kitufe cha kuongelea, naye akacheka kwamba amefanana na mtangazaji wa redio. Tukaruka vizuri kabisa. Nilikuwa namwonyesha ghala la mahindi lililo nje ya mji. Ninachokumbuka ni kidole changu kikielekeza.

Baada ya hapo hakuna kitu. Sikusikia maumivu wala kizunguzungu. Nilizimika kama taa.

Yaliyofuata nimeyapata kwake na kwa mwalimu wa klabu. Mke wangu anasema niliangukia usukani, na pua ya ndege ikainama. Kwanza alinipiga kofi, akidhani ni mzaha, maana utani wa ukoo wetu anaujua hauna mpaka. Aliponiona mate yananitoka akanivuta kwa ukosi wa shati, akanibana kwenye kiti kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akashika usukani wa upande wake na kuuvuta kama alivyoniona mimi nikifanya. Akauvuta mno. Ndege ikanyanyuka kama inayotaka kupindukia kinyumenyume, injini ikalalamika, akalegeza. Mwalimu alikuwa chini, amekaa na chai yake karibu na redio, akasikia sauti ya mwanamke ikisema, “Mume wangu amekufa, na mimi hiki kitu sikijui.”

Yule mzee hakupandisha sauti. Alimwambia kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni, atazame pale ardhi na mbingu vinapokutana, apaweke hapo hapo mbele yake, asifanye kingine chochote. Akawa anamsemesha tu. Shemeji yako akapaweka hapo hapo. Nilipozinduka nilimsikia ananiita majina yangu yote na mengine ambayo siwezi kumwandikia kaka yangu. Tulitua pamoja, mkono wake juu ya wangu. Hakulia. Alishuka, akavua viatu, akakaa kwenye majani, akaniuliza kama nilikunywa chai asubuhi.

Nilikuambia kwenye simu kwamba nilibanwa na malaria, na wewe ukanipa pole. Wakati huo hata mimi sikujua ni nini. Sasa najua, Kaka, na tafadhali keti kama umesimama.

Daktari wa moyo, binti mpole ambaye angeweza kuwa mwanetu, alinibandika nyaya kifuani, akatazama mistari, akaniita niitazame pia. Alisema moyo wangu hauna tundu wala mafuta. Ni umeme wake ulio na kasoro. Unakwenda vizuri miaka na miaka, kisha ghafla unavuruga mapigo na mtu anaanguka. Mara nyingine unajirekebisha, kama ulivyofanya angani. Mara nyingine haujirekebishi. Watanipasua wanipandikize kifaa kidogo cha kuushtua ukisimama. Leseni nimeirudisha mwenyewe. Hilo nilidhani ndilo litakaloniumiza, lakini nilivyolia, sikulilia ndege.

Maana daktari aliniambia ugonjwa huu hurithiwa. Akaomba niwalete watoto. Mdogo ameonekana salama. Binti yangu mkubwa anao. Kaka, mtoto ambaye wiki iliyopita alikuwa anakimbia na mpira uwanjani, leo anakatazwa hata kupanda ngazi mbio, na ananiuliza amekosa nini. Mama yake kila akipita karibu naye anamwekea sikio kifuani, kama anayesikiliza ukutani. Mimi nimewavalisha miwani watu wa mji mzima, na mwanangu mwenyewe sikumwona.

Kisha daktari akaniuliza kama yuko mtu kwetu aliyekufa ghafla. Nikasema hapana. Nikasema baba yetu alikufa kwa ajali ya gari. Akauliza ilikuwaje. Nikaanza kumweleza, na katikati ya maneno nikajisikia ninachokisema: barabara iliyonyooka, mchana mkavu, hakuna gari jingine, wala hakuna alama ya breki.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Nikamuuliza kama Baba aliwahi kuanguka. Akafikiri, akasema aliwahi kumkuta kalala sakafuni bafuni, akainuka akisema alikuwa anatafuta sabuni, wakacheka yakaisha. Halafu Mama akanitazama, akaelewa, akajifunika uso kwa kanga yake.

Baba hakuwa amelewa, Kaka. Watu walisema hivyo kwa kuwa alipenda glasi moja na rafiki zake, nasi tukainamisha vichwa tukakubali. Wewe ndiye uliyekwenda kuutambua mwili, na tangu siku ile hujataka jina lake litajwe mezani kwako. Najua hasira yako ilivyokuwa. Mtu ameacha mke na watoto kwa ajili ya chupa. Haikuwa chupa. Alizimika kama mimi, ila hakuwa na mtu pembeni wa kumvuta ukosi.

Sasa nafika mahali ambapo mkono unakataa. Sote wawili ni watoto wake. Daktari anasema kila mmoja wetu ni kama sarafu iliyorushwa, na yangu imeshaanguka. Yako bado iko hewani, na kila alfajiri unakaa mbele ya watu hamsini walioshika watoto mapajani, unashuka nao ule mlima. Unajisikia mzima. Mimi pia nilijisikia mzima, nilikuwa namwonyesha mke wangu ghala.

Najua ninachokuomba. Basi ndilo linalowalisha, na usukani ndio kazi pekee uliyoipenda tangu utotoni. Utasema ukipumzishwa watampa mtu mwingine gari. Watampa. Nakuomba tu, nimepiga magoti. Usiende hata safari moja ya kuaga.

Shemeji yako aliyekukabidhi barua hii hakuja kutembea kama alivyokwambia. Nimemwagiza akae mbele yako mpaka umalize kusoma. Hapo ulipofika, mpe funguo za basi. Usibishane naye; amekwishanyang'anya usukani mtu mmoja wa ukoo huu, na ndiyo sababu nipo hai kukuandikia. Kesho mpande gari la mtu mwingine, mje. Daktari anakusubiri.

Nisalimie shemeji, umwombe radhi kwa niaba yangu kwa kumharibia siku. Mama anasema hatalala mpaka akuone mlangoni. Wasalimie wanangu wote hapo nyumbani, na uje nao, usimwache hata mmoja.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
ninayekusubiri kituoni.